Vyombo vibaki Tanga, madaftari yapande Moshi

Swali: Sisi ni wastaafu kumi na mmoja wa reli ya Tanga. Kwa miaka mingi kila mmoja ametunza alichoweza: madaftari ya treni, orodha za mishahara, ramani za madaraja, picha, taa za gadi (msimamizi wa treni), kengele ya stesheni, mashine mbili za telegrafu na kiberenge cha mkono, kile kigari kidogo cha kupita juu ya reli. Sasa tunataka kufungua makumbusho yenye hifadhi ya nyaraka. Tumeahidiwa sehemu tatu: vyumba viwili katika jengo la zamani la reli hapa Tanga, ghala kubwa la bati karibu na bandari, na vyumba viwili ghorofani katika chuo kimoja Moshi. Wenzetu wa Moshi wanasema watalii wako kwao. Sisi wa Tanga tunasema reli ilianzia hapa. Tuchague wapi?

Jibu: Shikamoo mzee, na salamu zangu kwa wenzako wote kumi. Swali lako nimelisoma mara mbili. Mnagombana kwa sababu mmeshakubaliana, bila kusema, kwamba kila kitu lazima kilale chini ya paa moja. Liacheni wazo hilo na ugomvi utapungua sana. Kwa maelezo uliyonipa, ningeviacha vyombo Tanga, ningepandisha karatasi Moshi, na ghala la bandarini ningemshukuru mwenye nalo na kumrudishia.

Nianze na Tanga, maana hapo mna haki yenu. Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika nchi yetu. Ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha ikaunganishwa mwaka 1929, wakati wa Waingereza. Mwaka 1914, Waingereza waliposhusha majeshi yao kutoka India pwani ya Tanga, askari wa Kijerumani walioletwa kuwazuia waliteremka kwa treni kutoka Moshi. Mkonge wa Muheza na Korogwe ulishuka bandarini kwa njia hiyohiyo, na mashamba yenyewe yalikuwa na vijireli vyao vya kuvutia majani hadi kiwandani. Mtoto wa shule akisimuliwa haya akiwa darasani Moshi atasikia hadithi. Akisimuliwa amesimama mahali reli inapoanzia, bandari iko mbele yake na mataruma miguuni, atakumbuka.

Makumbusho ya reli hukaa vizuri pale reli ilipo. Angalieni Nairobi. Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1971, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kwenye ardhi ya reli kando ya stesheni kuu. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, reli ikagawanywa nchi tatu, lakini vichwa vya mvuke vikabaki palepale. Kichwa kama 5918 “Mount Gelai”, kimoja cha vile vichwa vikubwa vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59, kina uzito unaozidi tani 250. Hakuna lori la kukipeleka kwenye jumba zuri la mjini. Kiliingia makumbusho kwa magurudumu yake, na kwa kuwa njia ya makumbusho imeungana na njia kuu, kiliwahi kufufuliwa kikatoka tena kuvuta mabehewa. Hapohapo lipo behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi, Charles Ryall, stesheni ya Kima mwaka 1900. Uganda nao wameiweka makumbusho yao Jinja, kwenye stesheni ya zamani. Na kwa nini twende mbali? Pale Zigi, chini ya hifadhi ya msitu ya Amani, nyumba ya mkuu wa stesheni ya kijireli cha Kijerumani ilikarabatiwa ikawa kituo cha habari cha hifadhi. Ni nyumba ndogo tu, lakini kila anayepanda Amani hupita mlangoni pake. Nyumba ya aina hiyo kwenye njia ya watu naipenda kuliko kasri lililojificha.

Kwa hiyo vile vyumba viwili vya Tanga vinafaa kwa taa, kengele, telegrafu, sare na picha za kutundika. Lakini kuna jambo moja linalonitia wasiwasi, nanyi mliofanya kazi huko mnalijua kuliko mimi. Jengo la reli ni la reli. Njia ikilala miaka kumi na tano watu husema imekufa, vyumba hugawiwa kwa huyu na yule, kisha siku moja treni inarudi. Moshi imeshuhudia hivyo mwaka 2019, treni ya abiria iliporejea baada ya kimya kirefu. Reli ikirudi huhitaji ofisi, stoo na vyumba vya wafanyakazi, na wa kwanza kuhamishwa ni wale walioingia kwa maneno ya mdomo. Barua ya mkuu wa stesheni haitoshi, hata awe mtu mwema kiasi gani, kwa sababu yeye atahamishwa na barua itabaki haina mwenyewe. Tafuteni mkataba uliosainiwa makao makuu, wa miaka isiyopungua ishirini, wenye kifungu kinachosema mkitakiwa kuhama mtapewa notisi ya mwaka mzima na mahali pengine penye hadhi hiyohiyo. Msipoupata mkataba wa namna hiyo, fungueni maonyesho yanayobebeka: makabati ya vioo yenye magurudumu, mbao za picha zinazofunguka skrubu. Vitu vizito vya kuchimbia sakafuni visubiri.

Kiberenge msikiingize ndani. Kitandikieni mita kumi za reli na mataruma yake kando ya jengo, mkijengee paa lililo wazi pande zote, mkikague kutu kila baada ya miezi mitatu. Kiberenge juu ya reli kinajieleza chenyewe. Kikiwekwa sakafuni juu ya matofali kinafanana na mkokoteni ulioharibika.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona hasara nyingi kuliko mahali pengine pote.

Adui wa kwanza wa karatasi pwani ni unyevu. Hewa ya chumba ikikaa juu ya asilimia 65 ya unyevu kwa siku nyingi mfululizo, kuvu huanza kuota, na Tanga kuna miezi ambayo hewa haishuki chini ya 70. Kuvu hula wanga na gundi. Madaftari yenu ya treni yamegundishwa mgongoni kwa gundi ya wanyama au ya unga, kwa hiyo yataanza kuoza mgongoni, sehemu ambayo mtu haitazami. Ramani za madaraja, kama ni za zamani, huenda zimechorwa kwenye kile kitambaa laini kinachong’aa walichotumia wachoraji wa reli. Kitambaa hicho ni pamba iliyopakwa wanga. Tone la maji linatosha kukikunja na kukitia doa lisilotoka. Ramani za bluu nazo zina tabia yake: hufifia kwenye mwanga mkali, na hufifia zikigusana na vitu vyenye alkali. Nasema hivi kwa sababu mtu mwenye nia njema anaweza kuwaletea maboksi maalumu ya kuhifadhia nyaraka, na mengi ya maboksi hayo yametiwa chokaa ili kupambana na asidi ya karatasi. Kwa barua na madaftari ni mazuri sana, ila ramani za bluu msiziweke humo. Zifungeni kwa karatasi isiyo na asidi wala chokaa, zilale bapa kwenye droo pana.

Picha zina hatari zake. Filamu za negativu za kabla ya miaka ya 1950 huenda zikawa za nitrati, na nitrati hushika moto haraka ajabu. Zilizofuata, za asetati, zikianza kuharibika hutoa harufu ya siki. Fungueni kila bahasha mnuse. Yenye harufu ya siki itengwe siku hiyohiyo, maana mvuke wake huzivuta na nyingine. Za nitrati zenye rangi ya asali na kunata zitolewe kabisa nje ya jengo mpaka mtaalamu azione.

Niliwahi kuitwa kwenye stoo moja, sitaitaja, waliyoitumia kuweka majalada ya wafanyakazi kwa miaka ishirini na zaidi. Kwa nje rafu zilionekana zimejaa vizuri. Nikavuta jalada moja, likatoka gamba tupu. Ndani mchwa walikuwa wamejenga njia kutoka sakafuni, kupitia ukutani, hadi rafu ya juu. Rafu zilikuwa za mbao na zimeegemezwa ukutani. Nilikaa chini nikashindwa kusema kitu. Yale yalikuwa majina ya watu, tarehe walizoajiriwa, vituo walivyofanyia kazi. Mzee, unakumbuka wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki walivyohangaika miaka nenda rudi kudai mafao yao baada ya 1977. Mtu aliyekuwa na karatasi yake alikuwa na pa kuanzia. Orodha za mishahara mlizonazo ni ushahidi wa maisha ya familia nyingi, na ndiyo maana siwezi kukubali zilale pwani kwa sababu ya fahari ya mji tu.

Ghala la bandarini linazidisha shida zote hizi. Bati huchoma mchana na kupoa usiku, na joto likipanda na kushuka hivyo kila siku unyevu hugeuka matone kwenye chuma na karatasi. Upepo wa bahari huleta chumvi, nayo chumvi hula shaba ya telegrafu na bati la taa polepole, mchana na usiku. Najua ukubwa wake unavutia. Lakini hamna kitu kikubwa kuliko kiberenge, na mtu akija kuwapa behewa kesho, litahitaji njia ya kuliingizia, wala si paa kwanza.

Moshi iko juu, karibu mita 800 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Usiku kuna ubaridi na hewa ni kavu kuliko yenu kwa miezi mingi. Hiyo ndiyo hoja yangu ya kuupendelea mji huo kwa nyaraka. Watalii hawamo katika hesabu hii. Lakini ghorofa ya juu inanitisha kidogo. Karatasi ni nzito. Mita moja ya rafu iliyojaa madaftari makubwa inaweza kufika kilo 50, na rafu yenye ngazi tano ni kilo 250 kwa kila mita ya upana wake. Mkipanga safu tatu za mita nne, mmebebesha sakafu tani tatu. Sakafu iliyojengwa kwa ajili ya madawati na wanafunzi inaweza kuanza kupasuka bila kelele. Waombeni chuo mwinjinia aikague sakafu na aandike anachokiona. Kama chuo kina vyumba vya chini visivyoingia maji, ombeni kubadilishana, hata kama ni vidogo.

Halafu pandeni darini. Tanki la maji liko wapi? Je, choo au maabara iko juu ya chumba chenu au ukuta mmoja na chumba chenu? Bomba likipasuka usiku wa Jumamosi, nani atajua kabla ya Jumatatu? Mahali pengi nilikoona nyaraka zimelowa, maji yalitoka kwenye bomba la ndani, mvua haikuhusika.

Kiyoyozi watawapa kama zawadi na mtaona haya kukataa. Kikiwashwa mchana na kuzimwa jioni, au umeme ukikatika kila wiki, kinafanya kazi ileile ya bati la ghala: baridi, joto, baridi, joto. Afadhali ukuta mnene, dari nzuri, madirisha yenye wavu na vivuli, na feni inayotembeza hewa. Rafu ziwe za chuma, zimesimama peke yake mbali na ukuta wa nje kwa upana wa mkono, na ngazi ya chini iwe sentimeta 15 kutoka sakafuni ili mfagizi aone mchwa wakianza. Kabla daftari halijaingia chumbani, likiwa na wadudu, lifungwe vizuri kwenye mfuko wa plastiki, likae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha libaki ndani ya mfuko siku nzima nje ya friza kabla ya kufunguliwa. Picha za vioo zisiguse friza.

Lakini kuna sharti moja nililoweka juu ya haya yote: funguo atashika nani? Chumba kikavu kisichofunguliwa mwaka mzima ni hatari kuliko chumba chenye unyevu ambacho mtu anaingia kila Ijumaa, anafagia, ananusa, anageuza madaftari. Chuo kiwataje kwa cheo, mkutubi au msaidizi wake, kwenye mkataba. Nanyi mtaje wawili wenu walio karibu na Moshi. Asipopatikana mtu wa namna hiyo Moshi, na yupo Tanga, basi nabadili ushauri wangu: karatasi zibaki Tanga, ndani ya chumba cha katikati ya jengo kisicho na ukuta wa nje, na mjiandae kufanya kazi mara mbili.

Kuhusu watalii, ndugu zetu wa Moshi wana hoja lakini wameikuza. Wapanda mlima hufika na ratiba zao. Wana siku moja ya kukaa mjini kabla ya kupanda na nyingine baada ya kushuka, miguu ikiwauma. Wawekeeni chumba kimoja chuoni chenye nakala za picha na ramani kubwa ya njia, pamoja na kile kipande cha Voi hadi Kahe kilichojengwa wakati wa vita vya kwanza na kutuunganisha na Kenya. Inatosha. Makumbusho yanayowategemea wageni wa msimu hufunga milango mwaka ambao wageni hawaji. Ninyi watu wenu wa kweli ni shule za Tanga, Muheza na Korogwe, na wajukuu wa makuli, mafundi na madereva wanaotaka kuona jina la babu yao.

Wa Tanga wasihisi wamenyang’anywa. Kila daftari lipigwe picha kurasa zote kabla ya kusafiri, nakala zikae Tanga kwenye kompyuta na diski ya ziada, na mtu akitaka kusoma asome hapohapo. Kwenye makabati ya vioo muonyeshe nakala, karatasi halisi ishuke mara mojamoja kwa maonyesho ya miezi mitatu, kwenye mwanga hafifu, kisha irudi.

Kuna suala la sheria ambalo wazee wengi hulikwepa kwa hofu. Nyaraka zilizotengenezwa na shirika la umma ni za umma hata kama mmezitunza ninyi majumbani, na Sheria ya mwaka 2002 ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka inaipa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa usimamizi wake. Waandikieni sasa, kabla hamjafungua milango, mwaeleze mlichonacho na mnavyotaka kukitunza, muombe mwongozo. Idara hiyo ndiyo inayotunza nyaraka za Kijerumani zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Wanaujua ugonjwa wa karatasi. Kwenye katiba ya kikundi andikeni kwamba kikundi kikifa, karatasi zinakwenda kwao. Zisiende kwa mwenyekiti wala kwa mtoto wa mwenyekiti. Majalada ya wafanyakazi yenye habari za magonjwa na adhabu yafungwe. Msomaji aombe kwa maandishi, na familia ya mhusika itangulie.

Wala msihangaike kutafuta kila karatasi halisi ya reli yenu. Makao makuu ya reli ya Afrika Mashariki yalikuwa Nairobi, kwa hiyo mengi yalibaki huko. Ya enzi za Wajerumani yapo Dar es Salaam na Berlin, na ya Waingereza mengine yako London. Kazi yenu ni yale ambayo hayapo kokote: daftari la treni la stesheni ndogo ambalo karani aliandika pembeni kwamba mto umepanda na treni imesubiri saa sita. Na ninyi wenyewe. Kila mmoja akae na kijana mwenye simu ya kurekodi, ashike chombo chake mkononi, aeleze kilitumikaje na alikipataje. Taa ya gadi bila maneno ya gadi ni bati na kioo.

Kabla ya kusaini popote, nunueni vipima unyevu vitatu vya bei ndogo vinavyoonyesha joto na unyevu, kimoja Tanga, viwili Moshi, kimoja katika kila chumba. Mtu asome asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari la shule. Vianze sasa wakati wa kiangazi na vipite masika yote. Masika yakiwa katikati, nitumieni hayo madaftari mawili, nami nitawaambia kama Moshi inafaa kweli au nilikuwa naisifia mvua isiyonyesha.